Je, Wajua? Umeme Unaoruka Bila Waya, Kuanzia Transfoma ya Mkula hadi Sikio la Ng'ombe

Je, wajua kwamba umeme unaowasha taa Mkula, wilayani Busega mkoani Simiyu, haukufika hapo kwa waya mmoja usiokatika? Nyaya zipo, za mamia ya kilomita, lakini zimekatwa njiani, tena makusudi. Umeme wa usambazaji hutembea kwenye nguzo kwa maelfu ya volti, mara nyingi 33,000, mpaka kwenye transfoma. Ndani ya lile pipa la chuma kuna koili mbili zilizozungushiwa kiini kimoja cha chuma, zimetenganishwa kwa karatasi na mafuta. Hazigusani hata kidogo. Koili ya kwanza huchezesha uga wa sumaku, uga unaochezacheza huzalisha umeme mwingine kwenye koili ya pili, na huo mwingine, wa volti 230, ndio unaoingia nyumbani kwako. Kwa hiyo yule anayesema umeme bila waya ni mambo ya Wazungu ya miaka ijayo, mwonyeshe transfoma kwenye nguzo iliyo karibu na hospitali ya huko.

Ule mvumo wa transfoma usiku ni kiini chenyewe. Umeme wa TANESCO hubadili mwelekeo mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma hutanuka na kusinyaa kidogo mno mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Sikio linakisikia kikifanya kazi.

Na yale mafuta ni ya kupoza na kuhami. Si ya kukaangia chipsi. Anayeyaiba anaua transfoma ya kijiji kizima.

Aliyeifumania siri hii ni Michael Faraday, Mwingereza, mtoto wa mhunzi aliyeanza maisha kwa kujalidi vitabu. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungusha nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma, moja upande huu na nyingine upande ule, akawasha umeme kwenye waya wa kwanza. Sindano ya sumaku iliyokuwa kando ya waya wa pili ikaruka, kisha ikatulia. Alipozima, ikaruka tena, safari hii kwa kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo palipo na kanuni yote: umeme uliotulia hauruki, unaobadilika ndio unaoruka. Ndiyo maana betri ya sola haiwezi kulisha transfoma moja kwa moja mpaka kwanza kiwepo kifaa cha kuutikisa umeme wake, kile mafundi wanachokiita inveta.

Je, wajua kwamba Simiyu ndiko ilikozinduliwa kampeni kubwa ya Tanzania inayotegemea umeme bila waya? Haikuitwa hivyo. Iliitwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Bariadi mwezi Juni 2025, ikipangiwa miaka mitano na shilingi bilioni 216. Magonjwa yaliyotajwa wafugaji wanayajua vizuri kuliko mimi: homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, kideri cha kuku. Lakini pamoja na sindano kulikuwa na hereni ya kielektroniki. Mnyama akichanjwa, anavalishwa.

Hereni hiyo haina betri. Hili linawatatiza wengi: kifaa cha kielektroniki kisicho na betri, kisicho na waya, kinanyeshewa, kinapigwa jua, kinasuguliwa kwenye mwiba, na bado kinajibu kikiulizwa. Ukikipasua kibonye chake utakuta waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi kama pete, na katikati ya ncha zake chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Afisa mifugo anaposogeza kisomeo, kisomeo kinamwaga uga wa sumaku. Uga unapita kwenye pete ya shaba, umeme unazaliwa ndani ya sikio la ng'ombe, chipu inaamka, inataja namba yake. Kisomeo kikiondolewa, chipu inakufa tena hadi siku nyingine.

Kiwango cha kimataifa cha hereni na chipu za mifugo hutumia masafa ya kilohezi 134.2. Ni masafa ya chini sana, na yalichaguliwa kwa akili: mwili wa ng'ombe umejaa maji, na masafa ya chini hupenya maji, matope na samadi bila shida, wakati yale ya juu humezwa.

Namba yenyewe ina tarakimu 15. Tatu za kwanza zinaweza kutumika kwa nchi, na Tanzania kwenye orodha ya kimataifa ni 834. Zinazobaki 12 zinatosha kumpa namba yake kila ng'ombe wa nchi hii, na wajukuu zake, na vitukuu.

Ziko aina mbili za kujibu. Aina moja husema huku ikiendelea kulishwa. Nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi kwa ujanja wake, hulishwa kwanza kwa sekunde 0.05 hivi, ikaweka akiba kwenye kapasita, kisomeo kikanyamaza, ndipo nayo ikajibu katika ukimya huo kwa nguvu ya akiba yake. Kwa kuwa hakuna kelele ya kisomeo, jibu husikika kwa mbali kidogo. Mbali hapa ni neno kubwa: ni kati ya sentimita 30 na mita 1 hivi. Ndiyo maana ng'ombe hupitishwa kwenye kibanio mmojammoja, na ndiyo maana mfugaji asidanganywe kwamba hereni hii itamwonyesha kwenye simu mahali alipo ng'ombe wake aliyeibwa. Haiwezi. Kifaa cha kufuatilia kwa setilaiti kinahitaji betri au sola yake. Hereni inajibu swali moja tu, "wewe ni nani," tena mpaka uisogelee.

Kabla ya hereni kulikuwa na chapa ya moto. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ni ya mwaka 2010, na mwaka 2017 nchi nzima ilishuhudia vyuma vikichomwa kwenye moto na ng'ombe wakipigwa chapa za herufi na namba. Chapa haisomwi na mashine, na huharibu ngozi, na ngozi ni pesa.

Kifaru naye ana chipu ya aina hii. Mwaka 2013 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipokea chipu 1,000 za kuwekwa kwenye pembe za vifaru, ili pembe ikikamatwa bandarini ijulikane ilitoka kwa mnyama gani. Pembe haioti waya wala haibadilishiwi betri, kwa hiyo chipu inayoamshwa na kisomeo ndiyo pekee inayofaa kukaa humo miaka yote ya uhai wa mnyama na baada yake.

Adui wa umeme bila waya ni umbali. Koili mbili ndogo zikitenganishwa, kisha umbali ukaongezwa mara mbili, uga unaofika unapungua mara 8. Nguvu inayopokelewa, ambayo hufuata mraba wa uga huo, inapungua mara 64. Ongeza umbali mara tatu, imepungua mara 729. Hesabu hii moja inaeleza kwa nini transfoma hupoteza kiasi kidogo mno cha umeme wake (koili zake zimeshikana kwenye kiini kimoja), kwa nini hereni husomwa kwa mita 1, na kwa nini hakuna anayekuuzia chaja ya kukaa sebuleni ikachaji simu iliyo chumbani.

Je, wajua kwamba mfukoni mwako huenda una kipokezi cha umeme bila waya wakati huu? Kadi ya benki yenye alama ya mawimbi, N-Card inayotumika kivukoni Kigamboni na kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, zote ni ndugu wa hereni ya ng'ombe. Tofauti ni masafa, megahezi 13.56, na umbali, ambao ni sentimita chache tu. Ukitaka kuiona koili, zima taa usiku, washa tochi ya simu, na uiegemeze kadi ya plastiki nyembamba juu ya mwanga. Kwa kadi nyingi utaona nyuzi kadhaa zikizunguka karibu na ukingo, zote zikielekea kwenye kidoa kimoja. Kidoa hicho ndicho chipu.

Kadi mbili zikikaa pamoja kwenye pochi, zote mbili hula kwenye uga uleule na zote hujibu. Mashine inachanganyikiwa. Toa unayoitaka, usigongeshe pochi nzima.

Na lile zoezi la ofisa uhamiaji kufungua pasipoti yako na kusomesha mistari ya herufi na alama za mishale chini ya ukurasa wa picha si mazoea tu. Mistari ile ndiyo ufunguo: chipu haitoi taarifa zake mpaka kisomeo kionyeshe kwamba kimeuona ukurasa. Mtu hawezi kupita karibu na mkoba wako kwenye uwanja wa ndege wa Julius Nyerere akakunyonya jina na picha.

Kadi za kugusa, Nairobi walizijaribu mapema kwenye matatu. Aprili 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay: abiria anagusa, nauli inakatwa. Teknolojia ilifanya kazi vizuri. Biashara haikufanya kazi, na mwaka 2015 ikafungwa. Noti ya shilingi hamsini haina haja ya kisomeo, na kondakta anaipenda kwa sababu zake.

Babu wa kadi hizi zote alikuwa mdukuzi. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya mbao ya kuchongwa, akaitundika ofisini kwake. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha Léon Theremin, mhandisi wa Kirusi, kisicho na betri wala waya. Warusi waliokuwa nje walielekeza mawimbi ya redio kwenye jengo, kifaa kikaamka, na sauti za ofisini zikatoka juu ya mawimbi yaliyorudi. Wakizima mitambo yao, kilikuwa kipande cha chuma tu. Kiligunduliwa mwaka 1952. Miaka saba ukutani.

Sasa simu. Chaja za kuweka simu juu yake hufuata kiwango kinachoitwa Qi, kilichobuniwa na umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2008. Ndani ya kisahani kuna koili, nyuma ya simu kuna koili, na katikati kuna milimita chache. Simu ikisogea pembeni sentimita moja, chaji inayumba, ndiyo maana toleo la mwaka 2023 likaongezewa sumaku za kuishikilia simu mahali pake. Ushauri wangu kwa msomaji wa Busega au Itilima mwenye paneli ndogo ya sola: usiinunue. Sehemu ya tano hadi theluthi ya umeme huishia kuwa joto, na umeme wako ni wa kuhesabu. Mwenye umeme wa kumwaga afanye atakavyo. Wewe tumia waya.

Je, wajua kwamba mnara wa simu nao unaituma nishati kwenye simu yako kila sekunde? Watu huuliza kwa nini basi tusijichajie hapohapo. Tupige hesabu. Mtandao mzuri, ule wa vijiti vyote, unaweza kuifikishia simu nguvu ya sehemu moja ya bilioni kumi ya wati. Betri ya kawaida ya miliampea-saa 4,000 inabeba wati-saa 15 hivi. Gawanya. Simu itajaa baada ya miaka milioni 17.

Nikola Tesla hakupenda hesabu za namna hiyo. Mwaka 1899 alijenga maabara Colorado Springs, akarusha radi za kutengeneza mwenyewe, na mwaka 1901 akaanza mnara wa Wardenclyffe karibu na New York, wenye urefu wa mita 57, kwa fedha za tajiri J. P. Morgan. Alitaka kutuma habari na hatimaye umeme duniani kote kupitia ardhi na anga. Morgan akafunga mfuko. Mnara ukabomolewa 1917. Kuna watu mitandaoni wanaosema mradi uliuawa kwa sababu umeme wa bure hauna mita ya kulipia. Mimi nasema umbali ungeuua hata kama Morgan angempa hazina nzima.

Lakini mwaka 2007 pale MIT, Marekani, profesa Marin Soljačić na wenzake waliwasha balbu ya wati 60 kwa umbali wa mita 2 na kidogo, bila waya, huku asilimia 40 hivi ya nguvu ikifika. Wazo alilipata usiku, amesimama jikoni akiitazama simu iliyokuwa ikilia kwa kuishiwa chaji. Siri yao ilikuwa kuzitega koili zote mbili kwenye masafa yaleyale, kama unavyoitafuta stesheni kwenye redio: koili iliyotegwa hupokea, vitu vingine vyote chumbani hupitwa.

Hakuna matumizi ninayoyaheshimu kuliko haya yafuatayo. Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa bila kusikia. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, India hasa. Kifaa kinachopandikizwa kina uzi wenye vituo vidogo vya umeme unaoingizwa ndani ya koa ya sikio la ndani, na unachochea mshipa wa fahamu wenyewe. Kinahitaji umeme kila sekunde mtoto anapokuwa macho. Je, uutoe wapi? Betri ndani ya fuvu ingetaka upasuaji kila inapochoka. Waya unaotoboa ngozi ungekuwa mlango wa vijidudu karibu na ubongo.

Kwa hiyo ngozi imefungwa kabisa. Nje ya kichwa, nyuma ya sikio, mtoto huvaa kifaa chenye maikrofoni na betri, na kutoka hapo waya mfupi huenda kwenye kisahani cha duara kinachonasa kichwani kwa sumaku, kwa kuwa chini ya ngozi kuna sumaku nyingine. Ndani ya kisahani kuna koili. Chini ya ngozi kuna koili. Umeme na sauti vinavuka pamoja kwenye nyama ya milimita chache. Kisahani kikidondoka wakati wa kucheza rede, ulimwengu unanyamaza papo hapo, na mtoto mwenyewe hukiokota na kukirudisha. Wazazi na walimu wanapaswa kulijua hili: mtoto asiyeitikia huenda hakupuuzi, betri yake ya nje imeisha.

Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kinachowekwa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hakiko kwenye kundi hili. Hicho kina betri yake ndani, ya kudumu miaka kadhaa.

Mbio za marathoni pia zinatumia chipu zisizo na betri, zilizobandikwa nyuma ya namba ya kifuani. Zulia la kwenye lami linamulika, chipu inajibu, na ndivyo tunavyopata muda wa kila kilomita 5. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Walitenganishwa na sekunde 0.03. Hapo chipu haikuwa na la kusema, ikaamua kamera.

Wenzetu wanaoendesha magari Dubai hulipa ushuru wa barabara wa Salik tangu Julai 2007 kwa stika iliyobandikwa kwenye kioo. Stika haina betri.

Kati ya reli za SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kuna vibao bapa vilivyofungwa kwenye mataruma. Vimelala bila umeme. Treni inapopita juu yake, antena iliyo chini ya treni inavilisha kwa masafa ya megahezi 27, navyo vinaiambia treni mahali ilipo. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa treni inavuka mita 44 kila sekunde, kwa hiyo kuamka, kusema na kulala tena kunafanyika kufumba na kufumbua.

Je, wajua kwamba kuna kijiji katika Bahari ya Hindi kilichowahi kupangiwa umeme wa hewani? Ni Grand-Bassin, kisiwani Réunion, mashariki ya Madagaska, ndani ya korongo lisilofikika kwa gari. Watafiti wa chuo kikuu cha kisiwa hicho walibuni kutuma kilowati 10 kwa mawimbi ya maikrowevu kuvuka mita 700 hivi, ili wasiharibu mandhari kwa nguzo. Walijenga mfano wa majaribio. Kijiji chenyewe hakikuwashwa kwa njia hiyo. Mawimbi yanawezekana: Mmarekani William Brown alirusha helikopta ndogo hewani kwa nguvu ya maikrowevu mwaka 1964, na mwaka 1975 huko California ikapokelewa zaidi ya kilowati 30 kwa umbali wa kilomita 1 na nusu. Tatizo ni ukubwa wa antena, na bei, na ukweli kwamba paneli ya sola juu ya bati inapokea nishati kutoka umbali wa kilomita milioni 150 bila kumlipa mtu wa kuituma.

Mwaka 2025 wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani ulituma zaidi ya wati 800 kwa mwali wa leza umbali wa kilomita 8.6. Kwa sekunde 30.

Mwisho, jikoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na madukani sasa kuna majiko bapa ya kioo, ya induksheni. Jiko hilo halitoi joto. Linatoa uga wa sumaku, na sufuria ndiyo koili ya pili: umeme huzaliwa ndani ya kitako chake na kukichemsha. Ndiyo maana mama aliyenunua jiko la bei mbaya akaweka juu yake sufuria yake ya aluminiamu, ile inayong'aa, hupata mlio wa kukataliwa tu. Aluminiamu haifai kwa majiko mengi ya aina hiyo. Panatakiwa chuma kinachonasa sumaku. Unapokwenda dukani, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, iguse kwenye kitako cha sufuria. Ikinasa, lipia. Isiponasa, mrudishie mwenye duka, hata akikuapia.